Harambee Stars ya Kenya na Taifa Stars yetu ya Tanzania, nani ana historia AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika?

Kwa kuhesabu safari tu Kenya wako mbele, walianza 1972, halafu 1988, 1990 na 1992 mfululizo, wakarudi 2004 Tunisia wakaipiga Burkina Faso 3-0. Taifa Stars? 1980 kule Nigeria, afu kimyaaa miaka 39, yaani mtu anazaliwa anaoa anazaa bado tunasubiri. 2019 Misri tukapangwa kundi moja na Kenya, tukaongoza mara mbili bado wakatupiga 3-2, Olunga kafunga mawili, mi hiyo mechi bado inaniuma bana. Ila Ivory Coast Januari 2024 sisi tulikuwepo, tukadroo na Zambia na DR Kongo, majirani wakacheki kwa tivii.