Kamera za mkanda na za papo hapo: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Bei ya kamera ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Simu ukishainunua, picha ya elfu moja haikudai kitu. Kamera ya mkanda, au ya papo hapo inayotoa picha ya karatasi palepale, inadai kila ubofyapo. Ndiyo maana orodha hii hatukuipanga kwa uzuri wa lenzi wala kwa jina lililoandikwa usoni mwa kamera. Tumeuliza maswali matatu: mkanda au karatasi zake zinapatikana kwa urahisi? Nani atasafisha picha? Na joto letu litaifanya nini?

Wanaozirudia kamera hizi si watu waliokosa simu nzuri. Wanataka picha inayoshikika. Picha za Capital Art Studio, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, zinatazamika hadi leo kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa kitu: karatasi na negativu, siyo faili ndani ya simu iliyokufa. Ukimpa bibi picha, anaiweka kwenye albamu au anaichomeka pembeni mwa kioo cha kabati. Ukimtumia kwa WhatsApp, inapotea chini ya salamu za asubuhi.

Ya kwanza: Instax Mini 12

Kwa anayeanza, na hasa aliye mbali na mahali pa kusafishia mikanda, chaguo ni hili la papo hapo. Fujifilm waliitoa mwaka 2023, lakini inatumia kaseti zilezile za karatasi za Instax Mini zilizoanza kuuzwa mwaka 1998. Kwa hiyo kamera ya mtumba ya miaka kumi iliyopita na hii ya leo zinakula chakula kimoja, na ukikosa kaseti duka moja unajaribu la pili. Kaseti ina picha 10. Karatasi yake ni sentimita 8.6 kwa 5.4, yaani kadi ya benki. Picha yenyewe, ukitoa ukingo mweupe, ni 6.2 kwa 4.6.

Betri ni mbili za AA. Weka alkalaini, maana betri dhaifu huchelewesha flashi kujaa, na mota hukosa nguvu ya kusukuma karatasi nje.

Kutia kaseti kunawashinda wengi mara ya kwanza. Ishike pembeni, usiyabonyeze yale matundu mawili ya mstatili yaliyo mgongoni. Linganisha alama ya njano ya kaseti na ya kamera, funga mlango, bofya. Kitakachotoka ni kifuniko cheusi cha kaseti, si picha iliyoungua, ni kawaida. Kuanzia hapo usifungue mlango hadi kihesabio kifike 0. Ukifungua katikati, hata kwa sekunde moja, karatasi za juu zinamwagiwa mwanga na zitatoka nyeupe.

Picha inatokea ndani ya sekunde 90 hivi. Usiitikise wala kuikunja. Dawa imo katika ule ukingo mpana wa chini: roli mbili ndani ya kamera huupasua mfuko wake na kuitandaza juu ya picha, na kuitikisa hakuongezi kasi, kunaweza tu kuacha mawimbi na madoa. Ilaze mezani, kivulini.

Makosa yanayokula karatasi ni mawili. La kwanza ni umbali. Flashi ya Mini 12 huwaka kila mara, huwezi kuizima, lakini mwanga wake unaishia kama mita mbili na kidogo. Mtu aliye mita nne ukumbini usiku atatoka kivuli. La pili ni ukuta mweupe, au kanzu nyeupe kwenye jua. Kamera hupima mwanga wa eneo zima, ikiona weupe mwingi inadhani pana mwanga tele, inapunguza, na nyuso nyeusi zinazama gizani. Msogeze mtu chini ya mwembe au kwenye baraza, uso uelekee upande wenye mwanga, nyuma yake pawe na ukuta wa rangi ya wastani. Hilo peke yake linaokoa nusu ya kaseti.

Kuna ndugu yake, Instax Mini Evo, ambayo ndani ina sensa ya kidijitali: unapiga, unatazama kwenye kioo, unachagua ya kuchapa. Wapenda mkanda hawaihesabu. Lakini kwa mpiga picha wa sherehe anayelipwa kwa kila kadi, inalipa haraka, kwa kuwa hachapi macho yaliyofumba.

Ya pili: Pentax K1000 ya mtumba

Kama una mtu wa kusafisha mkanda, au uko tayari kujifunza mwenyewe, nunua hii kabla ya kamera yoyote mpya ya plastiki. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni ya mitambo mitupu, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Betri moja ndogo ya LR44 inaendesha kipimo cha mwanga tu. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga. Linganisha na Canon AE-1 ya mwaka huohuo wa 1976, kamera nzuri na maarufu zaidi, ambayo bila betri yake ya volti 6 haifyatui kabisa.

Usinunue kwa kuangalia picha za tangazo. Ichukue mkononi, ufanye hivi.

Fungua mgongo, toa lenzi, elekeza kamera kwenye mwanga wa dirisha. Weka 1/1000, vuta mkono wa kusogezea mkanda, fyatua huku ukitazama kwa nyuma. Unapaswa kuona mstatili wote ukimeta. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia ya shata hayakimbii sawa, na kila picha ya juani itakuwa na utepe mweusi pembeni. Weka sekunde 1, uhesabu kwa sauti. Ikikwama au ikivuta sekunde mbili, mafuta yameganda; fundi anaweza kuitengeneza, ila bei ipunguzwe.

Gusa sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango kwa ncha ya kucha. Ikinata kama lami, imeoza na itapitisha mwanga. Hili lisikukimbize. Ikwangue kwa kijiti cha meno chenye pamba na spiriti safi, bandika vipande vipya vya sponji yenye unene wa milimita 2, kazi ya saa moja. Usiguse pazia wala kioo cha ndani.

Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi halina neno. Nyuzi laini zilizotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa mkubwa wa kamera za Mombasa, Tanga na Unguja, na huambukiza lenzi jirani. Iache. Kwa aliyeko pwani, kamera ikae kwenye chombo cha plastiki kinachoziba pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, kamwe isikae ndani ya begi la ngozi: ngozi hunyonya unyevu.

K1000 haina swichi ya kuzima kipimo. Mwanga ukiingia kwenye lenzi, kipimo kinakula betri, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndicho swichi yako.

Sasa kosa linalowaumiza wanaoanza kuliko yote: kupiga picha 36 za arusi na mkanda haukusogea hata kidogo. Ingiza ulimi wa mkanda kwenye mwanya wa roli ya kupokelea, vuta hadi meno ya pande zote mbili yashike matundu, funga mlango. Zungusha kishikio cha kurudishia taratibu hadi kikaze, kisha vuta mkono wa mkanda ukikikodolea macho kishikio hicho. Kikizunguka kinyume cha saa, mkanda unakwenda. Kikitulia tuli, fungua uanze upya. Na ukimaliza, bonyeza kwanza kitufe kilicho chini ya kamera, rudisha mkanda wote ndani ya kopo lake, ndipo ufungue.

Mkanda wa kuanzia ni Kodak Gold 200 kwa rangi, au Ilford HP5 Plus wa kasi 400 kwa nyeusi na nyeupe; kasi ni wepesi wa mkanda kushika mwanga. Kipimo kikifa, juani kabisa weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, na shata iliyo karibu na namba ya kasi ya mkanda: 1/250 kwa mkanda wa 200, 1/500 kwa wa 400. Kivulini fungua lenzi hatua tatu, hadi f/5.6. Ukisitasita, ongeza mwanga, usipunguze. Mkanda wa negativu husamehe mwanga uliozidi, hausamehi uliopungua.

Ya tatu: Kodak Ektar H35

Jina ni la Kodak, mtengenezaji ni kampuni ya Reto chini ya leseni, na ilitoka mwaka 2022 kwa dola 49. Ni plastiki tupu, lakini ina hesabu tamu: inagawa kila fremu mara mbili, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa 72. Kwa bei za mikanda za sasa, hiyo ndiyo sababu ya kuinunua.

Lenzi ni f/9.5 na shata ni 1/100, basi, hakuna cha kurekebisha. Kwa hiyo kasi ya mkanda ndiyo unayoichagua badala ya kamera: wa 200 kwa jua la mchana, wa 400 kwa mawingu, na flashi jioni kwa kuzungusha pete ya lenzi. Usimsogelee mtu chini ya mita moja na nusu, atatoka na ukungu. Ukiishika kawaida, picha inatoka imesimama wima. Kabla ya kumkabidhi fundi mkanda, mwambie ni nusu fremu na mkubaliane bei. Wengine huskani picha mbili mbili katika faili moja, na wengine hudai malipo ya mikanda miwili.

Mwenye uwezo atazame Pentax 17, nusu fremu pia, iliyotoka mwaka 2024 kwa takriban dola 500. Lenzi yake ni ya kioo, na umbali unaupanga mwenyewe.

Ya nne: Holga 120N

Iliundwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ni ya kuchezea kwa kila kipimo, lakini mwaka 2001 mpiga picha wa habari David Burnett alipata tuzo ya wapiga picha wa habari wa White House kwa picha ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, aliyoipiga kwa Holga. Pembe zinaingia giza, katikati pana ukali, na mwanga huvuja. Hicho ndicho kinachopendwa.

Tatizo ni mkanda wake mpana uitwao 120: picha 12 tu za mraba, na si kila anayesafisha mikanda ya kawaida ya milimita 35 anaupokea. Ukiichukua, nunua na tepu nyeusi ya umeme. Bandika pande zote mbili za mgongo, kwa kuwa vibanio vyake hufyatuka vyenyewe begani, na uzibe kidirisha chekundu cha namba za picha usipokuwa ukivuta mkanda. Angalia swichi ya N na B chini ya lenzi: ikiteleza kwenda B, shata inabaki wazi muda wote kidole kikiwa kimebonyeza. Na toa kifuniko cha lenzi. Kwenye tundu la kutazamia hukioni, utapiga 12 za giza ukiwa na furaha tele.

Ya mwisho: Polaroid Now

Kamera hii ya papo hapo tunaipenda na bado tumeiweka chini. Rangi zake ni laini kuliko za Instax, na ule mraba mkubwa hauna mfano. Lakini kaseti ina picha 8 tu, kila picha inagharimu takriban mara mbili ya Instax Mini, na watengenezaji wenyewe wanataka ipigwe kati ya nyuzi 13 na 28. Dar es Salaam mwezi wa Januari hakuna saa ya mchana yenye nyuzi hizo nje ya kiyoyozi. Picha inageuka njano au ya waridi. Nairobi, Arusha, Mbeya, Kigali, sawa, inunue. Picha ikitoka, igeuze kifudifudi ndani ya mfuko wa shati kwa dakika 10 hadi 15. Madoa yanayojirudia kwa nafasi sawa yana maana kwamba roli zimeshika dawa iliyokauka. Zifute kwa kitambaa chenye maji.

Ukiona Polaroid kuukuu ya kukunja inayotumia karatasi za kubandua, hata ikiwa bure, ni pambo la rafu: Fujifilm waliacha kutengeneza karatasi hizo mwaka 2016. Kamera za Polaroid za aina ya SX-70 na 600 bado zina karatasi mpya.

Nani atasafisha?

Mkanda wa rangi unataka dawa kwenye nyuzi 38 barabara, mwachie mwenye mashine. Mtafute kabla ya kulipia kamera. Nyeusi na nyeupe unaiweza bafuni ukiwa na tangi, mfuko mweusi wa kubadilishia na kipimajoto. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa inachukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba ya pwani ni ya moto mno kwa hilo. Zamisha chupa za dawa kwenye beseni la barafu hadi zifike 20 kabla ya kumimina, na maji ya kusuuzia yakaribie joto hilohilo.

Mikanda na kaseti zikae frijini ndani ya mfuko uliofungwa. Zitoe saa moja au mbili kabla ya kuzifungua, la sivyo umande utajikusanya juu yake. Uwanja wa ndege omba zikaguliwe kwa mkono, na usiziweke kwenye mzigo wa chini ya ndege: mashine za huko ndizo zenye mionzi mikali.