Waya wa chaji: nautazama shingo kwanza, wati baadaye

Nina simu mbili na kishikwambi kimoja, na kwa miaka yote hii nimepitia nyaya za chaji za kila aina: zilizokuja na simu, zilizosukwa kwa nyuzi, za silikoni, za sumaku, hata ule wenye midomo mitatu. Karibu zote zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Katikati waya ni mzima kabisa, tatizo liko shingoni, pale unapoingia kwenye mdomo wake. Plastiki inaanza kubadilika rangi, inapasuka mstari mwembamba, mstari unafunguka, na siku moja unaziona nyuzi za shaba zinachungulia. Ikifika hapo simu inachaji ukiulaza waya upande fulani tu, na mtu akikohoa karibu chaji imekata.

Ndani ya ule waya hakuna nyuzi moja nene. Ni nyuzi nyingi nyembamba za shaba, na zinakatika moja moja kila waya unapopindwa mahali palepale. Zinazobaki zinabeba umeme wote, ndiyo maana shingo inaanza kupata joto hata kabla ya kukatika. Mimi waya ukinipa joto shingoni nautupa, hata kama bado unachaji vizuri.

Nianze na huu uliosukwa kwa nyuzi, maana ndio unaosifiwa kuliko zote. Boksi lake lilijaa maneno kuhusu kupindwa maelfu ya mara. Ule msuko kweli haukufumuka, wala waya haukujikunja hovyo. Ila shingo yake ilikuwa kipande kifupi cha plastiki ngumu, kigumu kiasi kwamba waya haukupinda ndani yake hata kidogo, ukawa unapinda wote kwenye ukingo wake. Ukakatikia hapo. Na kibaya cha msuko ni kwamba unaficha ugonjwa: nje umependeza kama mpya, ndani nyuzi zimeisha. Wa plastiki ya kawaida angalau unakuonyesha ufa mapema.

Wa silikoni ni raha mkononi, unakunjika bila kujifunga mafundo, hata ukiutumia kitandani haukusumbui. Lakini unanasa vumbi na unyoya wote wa nyumba, na gamba lake likivutwa linateleza na kutoka kwenye mdomo, nyaya za ndani zikabaki uchi. Wa midomo mitatu sina mengi ya kuuzungumzia. Unafaa safarini, kwa chaji ya polepole, basi.

Huu ninaoutumia sasa hauna urembo wowote. Ni wa USB-C, ule mdomo mdogo wa mviringo unaoingia upande wowote, pande zote mbili, urefu kama mita moja, mnene kidogo, na shingo yake ni ndefu, laini, yenye makato makato yanayoufanya waya upinde taratibu badala ya kuvunjikia mahali pamoja. Kwenye mdomo wake pameandikwa 60W. Nimeuvuta, nimeukalia, kiti kimepita juu yake, na shingo bado haina ufa.

Hayo maandishi ya wati yananileta kwenye jambo linalowachanganya wengi: mdomo kuingia kwenye tundu si kuelewana. Chaji ya kasi ni makubaliano ya watu watatu, yaani kichwa cha chaja, waya na simu, na anayekubali kidogo ndiye anayeamua. Waya wa kawaida wa C kwa C unabeba ampea 3, na kwa volti 20 ndiyo hizo wati 60. Ukitaka ampea 5, waya lazima uwe na chipu ndogo ndani ya mdomo inayoutambulisha kwa kichwa. Bila chipu hiyo, kichwa cha wati 100 hakitakupa zaidi ya 60. Tangu 2021 kiwango cha USB-C kimepanda hadi wati 240, volti 48 kwa ampea 5. Kwa simu na kishikwambi wati 60 zinatosha na kubaki, kwa hiyo sioni haja ya kulipia waya wa 240 labda kama unachajia na kompyuta ya mkononi.

Halafu kuna simu zenye mfumo wao wenyewe wa kasi, kama SuperVOOC ya Oppo. Hizo zinataka kichwa chao na waya wao. Ukitumia waya mwingine, simu itachaji, ila ule mwendo wa kasi huuoni. Watu wanasema waya ni feki, kumbe ni lugha tu hawajaelewana.

Nyaya za zamani zenye mdomo mpana wa USB-A upande mmoja na C upande wa pili zina hatari yake. Ndani yake panatakiwa kizuizi cha umeme (rezista) cha kilo-omu 56 kinachoiambia simu isivute umeme mwingi kuliko ule ambao tundu la zamani linaweza kutoa. Waya wa ovyo unawekewa kizuizi cha thamani nyingine, simu inadhani imeruhusiwa ampea 3, na kinachoumia ni kichwa au tundu la kompyuta uliyochomeka. Benson Leung, mhandisi wa Google, alizipima nyaya za namna hii na kuzianika hadharani, na mwanzoni mwa 2016 mmoja ukamuunguzia vifaa vyake. Hapa siangalii bei rahisi.

Kinyume chake nacho kipo. Nina taa ndogo yenye tundu la C ambayo haichaji kabisa kwa waya wa C kwa C, lakini kwa A kwenda C inachaji. Waya hauna kosa. Aliyeitengeneza taa aliacha kuweka vizuizi viwili vya kilo-omu 5.1 vinavyokiambia kichwa kuwa kuna kifaa kimechomekwa, na kichwa cha C hakitoi umeme kwa kitu kisichokiona.

Wenye iPhone na iPad wanajua habari ya Lightning, mdomo wa Apple wenyewe ulioanza 2012. Nyaya zake zina chipu, na waya usioidhinishwa unaweza kuchaji vizuri wiki kadhaa kisha simu ikaanza kukuonyesha ujumbe kwamba kifaa huenda hakikubaliki. Kuanzia iPhone 15 ya 2023 wamehamia USB-C, na Umoja wa Ulaya umeifanya C kuwa lazima kwa simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko tangu mwisho wa Desemba 2024. Kwa hiyo ukinunua waya leo, nunua wa C. Micro USB siikosi hata kidogo, na ule upande wake mmoja wa kuingilia umeshaharibu matundu ya kutosha usiku watu wakichomeka gizani.

Kwa kishikwambi urefu ni jambo kubwa kuliko kwa simu. Betri yake ni kubwa, na waya mrefu mwembamba unapoteza volti njiani. Niliwahi kutumia wa mita tatu: nikiangalia video huku nachaji, asilimia zinashuka badala ya kupanda. Wa mita moja kwenye kichwa kilekile, zinapanda. Na kama unahamishia picha kwenye kompyuta, jaribu waya siku ileile uliyonunua, kwa sababu zipo nyaya zilizotiwa njia za umeme peke yake. Kishikwambi kinachaji, kompyuta haikioni.

Kabla hujautupa waya, chungulia tundu la simu. Unyoya wa mfukoni unashindiliwa humo mpaka mdomo hauzami wote. Utaona pengo dogo, na waya unachomoka wenyewe. Zima simu, kwangua taratibu na kijiti cha meno cha mbao, kamwe si sindano. Utatoa pamba ya ajabu, na waya uliokuwa "mbovu" utashika kwa mlio.

Huu wangu wa 60W naupa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mdomo wake ni mnene, na kwenye kishikwambi hauzami mpaka nivue kava.