Kipimo cha mate cha ugonjwa wa fizi hapa Moshi: nani kinamfaa, nani abaki na hela yake

Nianze na bei, maana ndiyo naulizwa na kila mtu pale Mbuyuni ninaposhonea. Kipimo nililipa shilingi 40,000, kumwona daktari wa meno 15,000 juu yake, na bima yangu haikugusa hata senti ya kipimo. Kliniki ni ya mtu binafsi, si mbali na mnara wa saa.

Mimi nina kisukari aina ya 2. Siku zetu za kliniki tunapimwa sukari, presha na uzito, tunaangaliwa hadi nyayo za miguu, lakini sijawahi kusikia mtu akiambiwa afungue mdomo. Na hili linaniuma, kwa sababu kisukari na fizi vinachocheana. Sukari ikiwa juu, fizi hushambuliwa upesi. Fizi zikikaa na uvimbe muda mrefu, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walipokusanya tafiti za jambo hili mwaka 2022 waliona kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi zake, ile HbA1c inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hushuka kwa kama pointi 0.4 ndani ya miezi 3 au 4, tuseme itoke 8.4 ifike 8.0. Anayehangaika na ugali wa dona na vidonge kila siku anajua uzito wa pointi hizo.

Sasa kipimo chenyewe. Unaambiwa usile wala usipige mswaki kabla ya kufika. Unasukutua kwa maji ya kawaida nusu dakika, unatema, unasubiri dakika moja. Kisha unapewa maji safi maalumu, mililita 5 tu, unayazungusha mdomoni nusu dakika nyingine na kuyatema kwenye kikombe kidogo. Dada wa maabara anayavuta kwa bomba la sindano, anayapitisha kwenye kichujio, anadondosha matone machache kwenye kipande cha plastiki kinachofanana kabisa na kile cha malaria. Dakika tano, majibu. Hakuna sindano wala damu, na hakuna kulala kwenye kile kiti ambacho watu wengi wakikiona tu magoti yanalegea.

Kinachotafutwa humo ni kimeng'enya kinachoitwa MMP-8, tena kile ambacho tayari kimeamka na kinafanya kazi. Hutolewa na chembe nyeupe za damu zinapokwenda kupambana na bakteria waliojificha chini ya ufizi, na kazi yake ni kukata kolajeni. Kolajeni ndiyo nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa wake. Utafiti mwingi wa kimeng'enya hiki umefanyika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Mpaka uliowekwa ni nanogramu 20 kwa kila mililita: ukiwa chini yake unaona mstari mmoja, ukiuvuka unaona miwili. Uzuri wake ni kwamba kinasema habari za leo. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa uliokwisha kuliwa. Mate yanaweza kuonyesha ulaji unaoendelea, hata kabla picha haijabadilika.

Kipimo changu kilitoka mistari miwili, wa pili umekolea. Sikuwa na maumivu yoyote, na hapo ndipo ninapokiheshimu kipimo hiki. Ugonjwa wa fizi hauumi kama jino lililotoboka. Unakuja kimya, jino linaanza kucheza, halafu unaambiwa ling'olewe. Mama yangu meno yake yaliondoka hivyo hivyo, moja moja, na nyumbani tulisema ni uzee. Daktari alinionyesha ile mistari, akasema, "Mama, hapa tusisubiri." Akachukua kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, akapima kina cha shimo lililo kati ya ufizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kwenye magego ya chini nilikuwa na 5.

Ningekuwa mtu wa kusifia tu ningeishia hapo, lakini nilimpeleka pia dada yangu mkubwa, na kwake mambo yalikwenda tofauti. Yeye ameolewa upande wa Usa River, na amekulia huko huko kwa shangazi. Meno yake yana rangi ya kahawia kama ya wengi waliokunywa maji ya upande wa Meru wakiwa wadogo, kwa sababu ya floraidi. Kwa hiyo miaka yote kila tatizo la mdomo wake limewekwa kwenye maji. Floraidi inapaka na kuharibu jino wakati linaumbwa. Haiachi usaha kwenye ufizi wa mtu mzima. Harufu na ufizi kuvimba vina chanzo kingine, nao ni ukoga unaogeuka ugaga mgumu na bakteria wanaoishi chini yake.

Kipimo cha dada kilitoka mstari mmoja. Tukashukuru, yeye akaanza kufunga mtandio aondoke. Daktari akasema hapana, njoo nikupime kwa kijiti. Gego moja la juu likatoa milimita 6, na damu. Maelezo yake niliyaelewa: yale maji ya kusukutua yanakusanya kila kitu cha mdomo mzima. Dada amebakiwa na meno machache, kwa hiyo shimo moja bovu la ufizi halikutoa kimeng'enya cha kutosha kuvuka ule mpaka. Angepimwa mate peke yake angerudi Usa River akiamini ni mzima, na hilo gego lingeendelea kulegea.

Ndiyo maana nasema wazi: mahali popote wanapokupima mate, wakakupa jibu zuri na kukuaga bila kuangalia mdomo, dai kuangaliwa. Kipimo hakijui ni jino lipi, hakijui shimo lina kina gani, hakijui mfupa umebaki kiasi gani. Hayo yanajulikana kwa kijiti na eksirei tu. Na kama tayari unatoka damu kila ukipiga mswaki, au jino linacheza, sioni sababu ya kutoa 40,000 uambiwe unachokijua. Hela hiyo ipeleke kwenye kusafishwa. Mimi kusafishwa chini ya ufizi, kwa ganzi, upande mmoja kwanza na mwingine baadaye, kulinigharimu 120,000 kwa jumla, na nilipopimwa mate tena baada ya fizi kutulia, mstari wa pili haukuonekana.

Baba watoto yeye anavuta sigara, na hajatoka damu kwenye fizi hata siku moja, jambo analolitumia kama ushahidi kwamba yuko sawa. Sigara inaficha damu hiyo. Fizi za mvutaji zinaweza kuwa zinaliwa na bado zisitoke damu. Yeye anakwenda kwa kijiti moja kwa moja, nimeshampangia.

Huduma ya pale ilikuwa nzuri. Dada wa maabara anaeleza kila hatua kabla hajaifanya, na majibu wanayaandika kwenye daftari lako, na milimita zote, si kukuambia kwa mdomo tu. Chumba cha kusubiria ni kidogo na Jumamosi kinajaa mpaka watu wanasimama nje juani. Nenda katikati ya wiki.

Ambapo ningependa sana kukiona kipimo hiki ni kwenye kliniki zetu za kisukari. Pale hakuna kiti cha meno wala daktari wa meno, lakini wauguzi wapo, na kazi yenyewe muuguzi akifundishwa anaiweza. Mwenye mistari miwili apewe barua ya kwenda kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo, na mwenye meno machache apewe hata akitoa mmoja. Kwa bei ya sasa haiwezekani, najua, wengi tunaokaa kwenye yale mabenchi 40,000 ni hela ya dawa za mwezi. Ikishuka, au bima ikikubali, nitakuwa wa kwanza kuwahamasisha wenzangu.

Jambo la mwisho kwa anayekwenda: omba uone tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti kabla haijafunguliwa. Mimi niliomba, wakanionyesha bila kununa.