Diski ya kuwashia kompyuta: achana na spidi, uliza umeme ukizima itakuwaje

Nilikuwa sitaki kuiandika hii lakini nina hasira, na hasira zenyewe zimenigharimu 2,800, juu yake nauli ya kifurushi kutoka Mombasa hadi Mokowe na ya boti kuvukia huku Amu, yaani Lamu. Laptopu yangu ya kazi ni HP ya mitumba, betri ishakufa kitambo, haiwaki bila chaja. Nikaitoa ile diski ya zamani ya kuzunguka nikatia SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, ya GB 256, jina sijapata kulisikia, na kusema kweli wiki tatu za kwanza nilifurahi, nikibonyeza tu imewaka. Wiki ya nne Windows inajiapdeti, umeme ukazima Langoni nzima. Uliporudi nawasha, kioo cheusi, yaniambia haioni diski. Naingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, nakuta diski yangu imebadilisha jina, yajiita SATAFIRM S11.

Wallahi nilidhani virusi. Kumbe kuna chipu ambayo ikipoteza programu yake ya ndani hujitambulisha hivyo, na ikifika hapo faili zako zimo ndani lakini mlango haupo.

Sasa mbona wauzaji hili hawalisemi? Wao ni spidi tu, MB 550 kwa sekunde kwa maandishi makubwa, na SSD za SATA, aina ya kiunganishi cha laptopu hizi za zamani, karibu zote zinaishia hapo hapo 550 kwa sababu waya wenyewe haupitishi zaidi, kwa hiyo nambari hiyo haikuambii kitu. Cha kuuliza ni umeme ukikatika katikati ya kuandika. SSD ina ramani yake ya kujua nini kiko wapi, na hiyo ramani inaandikwa upya kila mara, kwa hiyo umeme ukikatika hapo yaweza kuharibika. Halafu hizi za siku hizi seli moja yabeba biti tatu, ukizima wakati yaongezwa mpya hata data ya zamani iliyokuwa imetulia yaweza kuharibika nayo. Ndio unakuta mtu hakuwa akiandika chochote na Windows imekufa.

Basi namba moja, na sifichi kwamba naipendelea, ni Crucial MX500. Hii imeundwa kwamba umeme ukizima, ile data ya zamani isiguswe. Ulichokuwa unaandika sekunde ile chaweza kupotea, lakini Windows yako ipo. Waranti miaka 5. Ninayo moja kwenye mashini ya fotokopi, haina UPS, betri ya akiba, na ukifungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, kuna mstari wa AE unaohesabu mara ambazo umeme umekatika bila taarifa. Yangu yasoma 143. Na asubuhi hii imewaka.

Kinachoniuma ni kwamba Desemba 2025 Micron, wenye Crucial, walitangaza wanaacha kuuza bidhaa hizo kwa wateja wa kawaida, chipu zinakwenda kwenye mambo ya AI. Waranti walisema wataendelea kuihudumia, lakini wauzaji wetu walisikia neno moja tu, pandisha. Hata diski zilizokuwa kwenye shelfu tangu mwaka juzi zimepanda, jamani, hizo nazo zimeenda AI?

Namba mbili ni za mitumba zilizotoka kwenye seva, Intel S3500 au Samsung PM863. Hizi zina kapasita, vifaa vidogo vinavyoshikilia chaji kidogo umeme ukizima, nazo zinalinda hata kile kinachoandikwa saa ile, na zaingia sawasawa kwenye nafasi ya inchi 2.5. Mwambie muuzaji akupigie picha ya CrystalDiskInfo na stika ya diski pamoja, namba za utambulisho (serial number) zifanane. Masaa mengi yasikutishe, angalia asilimia ya afya. Akikataa kupiga picha, mwache.

Tatu Samsung 870 EVO. Nzuri, waranti miaka 5, ila ulinzi huo haina, kwa hiyo ni ya mwenye betri nzima.

Za bei rahisi zisizo na jina tia filamu za watoto.

Ukishanunua, kabla ya kuweka Windows chomoa diski nyingine zote. Ukiiacha ya zamani humo, Windows yaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye ile ya zamani, siku ukiitoa mpya haiwaki peke yake na utailaumu bure. BIOS iwe UEFI, ule mfumo mpya wa kuwashia, na diski iwe GPT, mpangilio wa diski unaokwenda nao. Na kwenye mipangilio ya diski kuna kiboksi cha kuzuia Windows isiflashi kachi, yaani isilazimishe data iliyo kwenye kumbukumbu ya muda iandikwe kwenye diski, YouTube wanasema kitie tiki upate spidi. Kwa umeme wetu huu usikiguse.

Yule muuzaji nilimpigia. “Dadangu, diski yangu ni nzima, umeme wenu ndio mbovu.” Na waranti yake ya kutesti ni wiki mbili, ambazo siku tatu zaishia kwenye basi na gati, na saa hiyo zilikuwa zishapita. Nimechoka kubishana. Nimeagiza MX500 ya pili, na betri nimeiagiza pamoja nayo, viko Mokowe tangu jana nangojea boti.