Kikao cha Kamati ya Bajeti ya Bunge la Kaunti: Tathmini ya Mkazi

Mwezi Mei nilihudhuria kikao cha kamati ya bajeti katika bunge la kaunti moja ya magharibi mwa Kenya, nikitaka kujua kama mwananchi hupata huduma anayoahidiwa na Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010, kinachotaka vikao vya kamati viwe vya wazi na wananchi washirikishwe.

Mapokezi yalikuwa mema. Lililonivutia zaidi ni mahojiano: katika ukumbi mkuu wawakilishi wadi huhutubia na kupiga kura, lakini hapa afisa mmoja aliulizwa kuhusu fedha za dawa za zahanati, mstari kwa mstari, na hakuwa na pa kukimbilia, kwani Kifungu cha 195 kinaipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au taarifa.

Dosari ilikuwa karatasi. Makadirio ya bajeti, ambayo sheria inataka yafike bungeni kufikia Aprili 30, tuligawiwa asubuhi ile ile, kitabu kinene cha Kiingereza kitupu. Mama muuza samaki aliyekaa kando yangu aliniomba nimsomee sehemu ya masoko, na kabla sijaifikia (faharasa haikuwepo) mwenyekiti alikwisha kufunga maoni.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Anayepanga kwenda apeleke maoni ya maandishi mapema kwa karani wa bunge, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.