Nyota nne kwa mzee aliyechunguza behewa letu la mbolea lililoacha reli

Wakuu habari zenu. Mimi nauza pembejeo hapa Mwanjelwa, nimeona niandike kuhusu huduma ya huyu mzee mkadiria hasara maana wengi wetu Mbeya tunasafirisha mzigo kwa treni na likitokea la kutokea hatujui tumpigie nani.

Tulipakia mbolea ya kupandia mifuko 800 ya kilo 50 behewa moja, yaani tani 40. Mifuko 300 ikashushwa Makambako kwa mwenzangu, 500 inakuja kwangu. Njiani behewa likaacha reli kwenye kona, likalala na kuvuta mengine mawili, namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Bima wakaleta mtu wao, hata nusu saa hakumaliza, kahesabu mifuko iliyochanika, nikamuuliza chanzo nini akanionyesha kipande cha reli kilichokatika, basi. Kila aliyekuwepo pale alisema hivyo hivyo, reli imekatika, na mimi niliamini.

Ndio nikampigia huyu mzee, aliwahi kufanya kazi karakana ya treni miaka mingi. Kafika kesho yake asubuhi na mapema. Kwenye behewa hakwenda kabisa, akaanza kurudi nyuma kwa miguu kufuata njia huku ameinama. Nikamwambia mzee mzigo uko huku, akanijibu "mama, lilipolala hapatuambii kitu, tutafute gurudumu lilipopandia reli." Na kweli akapata mkwaruzo mwembamba juu ya reli, unakwenda mshazari mita chache halafu unadondokea nje, kuanzia hapo mataruma yote (yale yanayolaliwa na reli) yamegongwa na magurudumu. Ile reli iliyokatika iko mbele kabisa ya hapo! Akanionyesha sehemu ilipokatikia inang'aa yote, ufa wa zamani ungekuwa na weusi na kutu ndani, na kama ingekatika kabla basi ncha ya upande wa pili ingekuwa imepondwa na magurudumu yaliyopita. Haikupondwa. Kwa hiyo reli ilivunjwa na ajali, sio iliyoleta ajali. Nilisimama pale nikaona kumbe macho yetu sote yalitudanganya.

Akapima upana wa njia taruma baada ya taruma (reli yetu hii ni milimita 1,067), akapima kama upande mmoja umezama, akapima unene wa ukingo wa gurudumu, akafungua na beringi kuangalia kama ziliungua. Hapo akanitajia ile ya East Palestine kule Ohio Marekani, Februari 2023, mabehewa 38 yaliacha reli kwa sababu beringi moja ilipata moto mpaka ekseli ikaachia. Zetu zilikuwa nzima na grisi yake.

Ndipo akauliza Makambako mlishushaje. Nikapiga simu, jibu likaniuma sana. Vibarua, ambao niliwalipa mimi, walichota mifuko yote 300 upande wa mlangoni, zile 500 wakaziacha zimeegemea ukuta wa pili. Tani 25 zimelalia upande mmoja. Kwenye kona gurudumu la nje ndio linasukumwa kwenye reli, na kinacholizuia lisipande ni uzito unaolikandamiza, sasa letu upande wa nje lilikuwa jepesi, likapanda.

Aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti ingawa mimi ndiye niliyemlipa, na bima wamenilipa sehemu tu. Sijamchukia hata kidogo. Angeandika reli mbovu, mzigo unaofuata ungeshushwa vile vile na labda safari hiyo mtu angekufa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ripoti ilichukua wiki tatu, tena yote Kiingereza, picha nyeusi nyeupe ambazo huo mkwaruzo hauonekani vizuri, na kwa laki sita niliyolipa pamoja na nauli nilitegemea zaidi. Mzee akisoma hapa naomba alirekebishe hilo.

Ukitaka mtu wa kazi hii muulize kwanza leseni ya TIRA (mamlaka ya kusimamia bima), na mpigie saa hiyo hiyo ajali inapotokea. Gengi la reli lilifika mchana wa siku ileile mzee aliyokagua, kukata na kubadilisha reli, na kwa ukungu wa huku kwetu ule mkwaruzo ulishaanza kushika kutu tukiwa bado tunaupiga picha.