Kabla ya kulipia tovuti ya biashara Lubumbashi, uliza jina limeandikwa kwa nani

Mama mmoja anayeuza vitenge na kushona nguo za harusi hapa Lubumbashi, upande wa Kamalondo, ameniandikia akiwa na uchungu mwingi. Anwani ya tovuti yake imechapwa kwenye mifuko ya duka, kwenye kadi, na ubavuni mwa gari linalopeleka mizigo Likasi. Mteja akampigia simu: “Mama, nimefungua tovuti yako, naona mambo ya kamari.” Muda wa jina la tovuti, yaani ile anwani, ulikuwa umekwisha. Fundi aliyelisajili alishahamia nje ya nchi, na barua za kukumbusha malipo zilikuwa zinaingia kwenye baruapepe yake yeye. Jina likaachwa, mtu mwingine akaliokota. Mama hana pa kudai, maana tangu mwanzo jina lile halikuandikwa kwake.

Malalamiko kama hayo nimeyapata pia kwa mwenye duka la kofia na viatu vya migodini, na kwa kijana wa komini ya Kenya anayekodisha viti vya sherehe. Kwa hiyo leo sizungumzii rangi, mpangilio wa kurasa wala wingi wa picha. Hayo kila muuzaji atakuonyesha kwenye simu yake bila kuulizwa. Njia za kununua tovuti nazipanga kwa kipimo kimoja: siku mkikosana na fundi, nani anabaki na jina?

Jina la tovuti halinunuliwi mara moja likaisha. Linasajiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa .com hadi miaka 10, kwenye kampuni inayoitwa msajili. Msajili anaweka kumbukumbu ya mwenye jina: anaitwaje, anakaa wapi, simu yake, baruapepe yake. Umiliki wote uko kwenye mistari hiyo michache. ICANN, shirika linalosimamia majina kama .com na .org, linamtaka msajili ahakikishe mawasiliano ya mwenye jina ndani ya siku 15, kisha amkumbushe kulipa takriban mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya muda kwisha. Ni kanuni nzuri, ila inamlinda aliyeandikwa. Ukimwachia fundi ajaze baruapepe yake, ulinzi wote umempa yeye. Hapa kwetu hakuna asiyejua hatari ya kununua parseli ya ardhi huku hati ikiwa na jina la komisioneri, yaani dalali, lakini kwenye tovuti watu walewale wanakubali, kwa sababu fundi amesema, “Usihangaike mama, nitapanga yote.”

Wengine wananiambia: si nitafungua jina jipya tu? Fikiri kuhusu wageni wako. Anwani ya zamani ndiyo Google imeizoea, ndiyo iliyobandikwa kwenye vikundi vya WhatsApp, ndiyo tovuti nyingine zimeitaja. Kuhama kunawezekana kabisa: anwani ya zamani inaagizwa impeleke kila mgeni kwenye mpya, na Google inafuata. Agizo hilo linawekwa kwenye jina la zamani. Usipolishika jina hilo huwezi kuliweka, na kazi ya miaka ya kuvuta watu inabaki kwa mwingine.

Sasa nipange.

Ya kwanza, na sifichi kwamba naipenda, ni kusajili jina OVHcloud na kujenga tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. OVHcloud ni kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1999, na kurasa zake ziko kwa Kifaransa, lugha ambayo wafanyabiashara wengi wa hapa wanasomea mikataba. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Wao wanatenganisha watu wanaohusika na jina: mwenye jina, msimamizi, wa ufundi, na mlipaji. Unajiandika wewe kuwa mwenye jina na msimamizi, fundi unampa nafasi ya ufundi peke yake. Anafanya kazi yake kwa akaunti yake, wala huna haja ya kumpa neno lako la siri. Mkiachana, unatoa jina lake unaweka la mwingine, tovuti haitikisiki. Sijaona mpangilio unaolinda mwenye duka dogo kuliko huu, na nashangaa mafundi wanaotumia kampuni hiyohiyo hawawaelezi wateja wao.

WordPress nayo imekuwepo tangu 2003, ni ya bure, na faili zake zote unaweza kuzibeba kwenda kwa mpangishaji mwingine yeyote, yaani kampuni inayohifadhi tovuti. Mafundi wanaoijua wako tele mjini, hutakosa wa kuendeleza kazi. Jambo moja tu: nakala ya akiba iwekwe mahali pengine. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la OVHcloud kule Strasbourg, na wengi waliokuwa humo bila nakala nje walipoteza tovuti zao. Kampuni kuwa nzuri hakuondoi kazi hiyo.

Ya pili ni kusajili jina kwa msajili aitwaye Cloudflare, halafu tovuti ukaiweka unapotaka. Cloudflare inauza majina kwa bei ileile inayotozwa na wenye orodha, yaani wanaotunza orodha nzima ya majina kama .com, bila faida juu, na mwaka wa pili hauji na bei ya kukushtua. Hilo si dogo. Wasajili wengi wanakuvutia kwa dola 1 au 2 mwaka wa kwanza, kisha kuendeleza kunakuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Siku zote soma bei ya kuendeleza, ile ya kuanzia iache. Naiweka ya pili kwa sababu ukisajili jina hapo unalazimika kutumia mfumo wao wa kuelekeza jina, na mwenye duka asiyezoea anaweza kupotea humo.

Ya tatu, Wix na wenzake, huduma za kujijengea tovuti mwenyewe mtandaoni. Tovuti inasimama haraka, na jina unaweza kulisajili mwenyewe. Lakini Wix wenyewe wanasema wazi kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuhamishiwa kwa mpangishaji mwingine. Ukichoka na bei, unaondoka na jina na maandishi yako, nyumba unaijenga upya.

Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni bure na inakubali jina lako mwenyewe. Kwa mwenye kuanza na kurasa chache inatosha.

Ya mwisho kabisa ni kifurushi cha fundi: jina, nafasi ya kuhifadhi tovuti, kurasa, vyote kwa bei moja, vyote kwa akaunti yake. Ndicho kinachouzwa zaidi mjini, na ndicho ninachowasihi msinunue jinsi kilivyo. Fundi mwenyewe anaweza kuwa mtu mwema. Watu wema nao wanahama, wanaugua, wanapoteza simu.

Na hapa niseme lililonikaa moyoni kuhusu bei. Nimeonyeshwa bili zenye makumi ya dola kwa mwaka kwa ajili ya “kufuli”, ile alama ya usalama kwenye anwani. Huduma ya Let's Encrypt inatoa bure vyeti vinavyoleta alama hiyo tangu mwishoni mwa 2015, na karibu kila mpangishaji anaviweka na kuviendeleza vyenyewe. Unatozwa kwa nini? Bili nyingine ina mstari wa “kuwekwa kwenye ramani ya Google”. Kuandikisha biashara kwenye ramani ni bure. Mlipe fundi muda wake wa kupiga picha na kujaza saa za kufungua, hiyo ni kazi halali, lakini aitaje hivyo. Halafu angalia: hata huko kuna mmiliki mkuu na kuna msimamizi. Mara nyingi fundi amejiweka mmiliki mkuu, mwenye duka akawa mgeni kwenye biashara yake, hawezi hata kubadilisha namba ya simu. Mambo ni yaleyale kwenye Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha watu wanakufikia kwa kutafuta maneno gani.

Kuhusu .cd, jina la nchi yetu lililochukua nafasi ya .zr baada ya Zaire: napenda kuliona mlangoni mwa biashara ya Kikongo. Ila majina ya nchi yana kanuni zake, hizi za ICANN nilizotaja haziyafungi. Ukilichukua, uliza kwa maandishi namna ya kulihamisha kabla hujalipa.

Kama tayari umeshanunua kifurushi, fungua lookup.icann.org, andika jina lako la .com, utaona msajili ni nani na muda unakwisha lini. Jina la mwenyewe kwa kawaida limefichwa, usiishie hapo. Mwombe fundi akuonyeshe, ukiwa umekaa naye mbele ya kompyuta, ukurasa wa mwenye jina. Kama ni yeye, fungua akaunti yako kwa msajili yuleyule na umwombe alisukumie jina humo. Mara nyingi hilo ni rahisi kuliko kuhamia kwa msajili mwingine. Badilisheni mwenye jina sasa, mkiwa bado mnasalimiana, wala msingoje mwezi wa mwisho, maana wasajili wengi wanalifunga jina siku 60 baada ya badiliko kama hilo na halihami. Akisema jina ni lake kwa sababu ndiye aliyelipa, mwonyeshe risiti yako, mlipe deni la mwaka kama lipo, na hakikisha baruapepe ya uthibitisho inaingia kwenye simu yako kabla hamjaachana.